KATA HAPA

Kuna dada mmoja hapa Mwanza anaimba pop, ile laini laini ya gitaa, hana lebo wala meneja, anarekodi chumbani kwa mshkaji wake Nyegezi usiku majirani wakishalala, na nyimbo zake zote zipo mtandaoni ila akaamua albamu hii lazima iwe na kitu cha kushika mkononi. CD. Nkamuuliza nani siku hizi bado ana kitu cha kupigia CD, akasema we dizaini tu, watu watanunua kwa ajili ya kava. Hapo alinipata, maana mi ukinisifia kava nafanya hata kwa mkopo, na kweli mpaka leo ni mkopo.

Wazo lenyewe lilikuwa kali, siwezi kujinyima sifa. Picha tulipiga Capri Point jioni, amekaa juu ya jiwe, nyuma ziwa, jua linazama usawa wa bega lake, na korongo mmoja mwenye kipara aliyegoma kabisa kutoka kwenye fremu. Jua la kwenye picha nikalifuta, mahali pake nikaweka tundu la duara la sentimita 3. Yaani kava linatobolewa, halafu CD imeprintiwa rangi ya chungwa tupu, ukiichomeka ndani jua linatokea, ukiichomoa limezama. Msanii alivyoona akapiga kelele mpaka mpiga gitaa akaamka.

Sasa kava la hivo lina ramani yake. CD ina sentimita 12, kila upande wa kava nikaupa 12 na nusu, nikaacha milimita 3 za kuzidi kila pembeni ili mkono wa mkataji ukiteleza pasibaki ukingo mweupe, rangi nikazitoa kwenye za skrini nikazipeleka kwenye za wino maana ile bluu ya ziwa kwenye kompyuta inawaka lakini kwenye karatasi inakuja imechoka, halafu juu ya yote nikaweka leya, yaani tabaka la peke yake kwenye faili, ya mistari ya kukatia, pinki inayouma macho, makusudi, ili mtu asije akaichanganya na picha. Mstari mzima wa kukata, nukta nukta za kukunja, kimkasi pembeni ya lile duara, na maelezo kwa Kiswahili ili fundi asipate tabu. KUNJA HAPA. GUNDI HAPA. KATA HAPA. Na juu kabisa kwa herufi kubwa: LEYA HII USIPRINTI.

Aliprinti. Hata hiyo USIPRINTI yenyewe kaiprinti, na imetoka safi kuliko jina la msanii.

Kopi 200, kadi ya gramu 300. Nafika pale fundi ananipokea na tabasamu la mtu aliyemaliza oda kabla ya muda.

"Kaka, hii mistari?"

"Mistari gani bosi?"

"Hii ya pinki."

"Si ya kukatia?"

"Ndo, lakini haitakiwi kuonekana."

Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Sasa bro, isipoonekana mi nakata wapi?"

Nikakaa kwenye kiti. Kwa sababu ukifikiria, jamaa ana pointi. Wenye viwanda vikubwa wana kile kibao chenye visu vilivyopindwa kufuata umbo, kinabonyeza karatasi mara moja kava zima linatoka, visu ndo vinajua mistari iko wapi. Yeye ana wembe, rula ya chuma na macho. Tundu la jua alikuwa hajalikata hata moja, anasema alitaka nione kwanza. Kwa hiyo nilichokuwa nimeshika ni picha ya binti wa watu katulia kwenye jiwe, na kwa vile duara lipo begani na maandishi ilibidi yakae pembeni yake, mkasi uko shingoni. Shingoni kabisa. KATA HAPA.

Akakubali kurudia bure, huo uungwana alikuwa nao. Yale ya kwanza mdogo wake msanii akayabeba nyumbani kwao Mabatini, eti atayatumia kufungia karanga.

Mama yao akafungua boksi.

Simu niliyopigiwa haikuwa na maelezo, ni "njoo" tu. Kupanda zile ngazi za mawe za Mabatini ukiwa na wasiwasi si mchezo, nafika juu natweta, sebuleni wamejaa: mama, mjomba, mzee wa kanisa na wamama wawili wa jumuiya. Kava liko peke yake kwenye meza, juu ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya Biblia.

"Mwangaluka mayu."

Salamu haikupokelewa. Akanisogezea kava. "Soma."

"Kata hapa."

"Sauti."

"KATA HAPA."

"Kata hapa wapi?"

"Hapana mama, hayo ni maelekezo tu."

"Ya nani?"

"Ya fundi."

Mama mmoja akasema Yesu wangu. Mjomba akavua miwani. "Huko kwa fundi," akauliza taratibu, "mlikwenda wangapi?"

Nikaona maneno hayanisaidii, bora nionyeshe kwa vitendo. Mezani palikuwa na bahasha, nikaichukua, nikaanza kuifungua ile gundi niwaonyeshe kwamba hata hii kabla haijakunjwa ilikuwa na mistari yake, inachanika, sarafu zinamwagika, kumbe ni bahasha ya sadaka. Mbele ya mzee wa kanisa. Na msanii mwenyewe, badala ya kunitetea, yuko kwenye kona kajifunika khanga anacheka mpaka anatetemeka, ndugu wakaona hiyo ndo dalili yenyewe, maombi yakaanza hapo hapo. Mafuta ya upako yakamwagwa kwenye boksi. Ile kadi haikuwa na lamineshi, mafuta yakazama kama kwenye chapati, makava yote ya juu yakawa yanapitisha mwanga, ukiinua moja unamwona korongo pande zote mbili.

Mambo yakapoa. Mama akaanza hata kupokea salamu zangu.

Siku mzigo wa pili unatoka mi nilikuwa Igoma kwenye kazi nyingine, fundi ananipigia kwa furaha: bro, mistari nimefuta yote, hakuna hata nukta, na safari hii matundu nimeshakata kabisa. Nikauliza, sasa bila mistari umekataje? Akasema amechukua kifuniko cha chupa ya maji akakadiria. Umekadiria wapi? Pale katikati, bosi, panapopendeza.

Katikati ya kava ni kichwa cha msanii.

Nikamwambia usitoe hata moja hapo ofisini, nakuja. Akasema mbona bodaboda ameshaondoka nayo kitambo, ameipeleka kwa ile namba iliyolipa advansi. Advansi ilitoka kwenye simu ya mama.

Kabla sijapata daladala simu ikaita. Hakuwa analia, wala hakuwa anafoka.

"Baba," akasema. "Wamekata."