Kindle au Kobo: Tazama Nani Anashika Vitabu Vyako

Msomaji wa kila siku anayetaka kununua kifaa cha kusomea vitabu huanza kwa kulinganisha vioo, na hapo hapati tofauti kubwa. Kindle ya Amazon, Kobo iliyoanzia Toronto na sasa ni mali ya Rakuten ya Japani, pamoja na PocketBook, zote zinatumia teknolojia ya E Ink. Chembe nyeusi na nyeupe husogezwa kwa umeme, na zikishatulia mahali pake hazihitaji umeme tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana chaji hukaa wiki kadhaa, na maandishi yanasomeka hata juani, mahali ambapo kioo cha simu hukurudishia sura yako. Nukta 300 kwa inchi, kiwango ambacho hata vifaa vya bei ya kati vimekifikia, zinatosha kabisa.

Suala zito ni nani anashika vitabu ulivyonunua.

Wanaoitetea Kindle wana hoja. Duka lake ni kubwa mno, kununua ni kugusa mara moja, na ukiacha kusoma kwenye kifaa unaendelea kwenye simu ukurasa uleule. Lakini Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya mwandishi George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi. Kisha, tarehe 26 Februari 2025, kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa kebo ya USB. Wapo wanaosema wengi hawakuitumia njia hiyo, na huenda ni kweli. Aliyekuwa anaitumia, hata hivyo, ndiye yule msomaji mkubwa, mwenye vitabu vya miaka mingi, anayetaka nakala yake iwe nyumbani kwake.

Kobo nayo si malaika; vitabu vingi inavyouza vina kufuli la kidijitali linalozuia kunakili. Nafuu yake ni kwamba inasoma moja kwa moja EPUB, aina ya faili za vitabu inayotumiwa na maduka mengi na vifaa vingine, ilhali Kindle hulazimika kuibadilisha kwanza. Kuna pia maktaba. Kupitia OverDrive, huduma ya kuazima vitabu vya kidijitali vya maktaba, Kobo humwezesha mwenye kadi ya maktaba ya umma kuazima vitabu bure kwenye kifaa chenyewe, wakati Kindle hupokea vitabu vya maktaba Marekani tu. Kwa Mswahili anayeishi London au Toronto, mimi naona hilo peke yake linamaliza mjadala. Aliye Mombasa au Dar es Salaam bila kadi ya huko hana cha kufaidi hapo.

Yeye ana tatizo jingine, ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka: PDF. Tasnifu, ripoti na vitabu vya zamani vilivyopigwa skani, sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili yanayozunguka mtandaoni, huja hivyo. Ukurasa wa PDF umefungwa umbo lake. Karatasi ya A4 ina zaidi ya inchi 14 kutoka kona hadi kona, nawe unaibana kwenye kioo cha inchi 6. Ukikuza herufi, kila mstari unausukuma kushoto na kulia. Hakuna chapa inayoponya hilo katika kifaa kidogo. Vifaa vya inchi 10 au zaidi, kama Kindle Scribe na baadhi ya vifaa vya kampuni ya Boox, vinasaidia sana, ila bei yake ni kubwa. Kama usomaji wako mwingi ni wa PDF na fedha haitoshi, baki na kompyuta uliyonayo. Kifaa cha inchi 6 utakichukia.

Msomaji wa riwaya za Kiingereza ambaye hajali nakala za kuhifadhi, Kindle itamfaa. Mimi ningechukua Kobo au PocketBook, hata kama duka lao lina vitabu vichache zaidi.

Na ukinunua Kindle ya mtumba, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake kabla hujatoa fedha, kisha uisajili kwa jina lako palepale mbele yake. Iliyoripotiwa kuibwa inaweza kukataliwa kusajiliwa, na duka lote likabaki limefungwa kwako.