Mabanzi ya Mafinga ni hasara ya nani?

Ukipita Mafinga, mkoani Iringa, kwa barabara kuu iendayo Mbeya, huwezi kukosa kuona vilima vya mabanzi (vipande vya pembeni vya gogo) na maranda pembeni mwa mashine za kupasua mbao. Mgeni husema papo hapo kwamba watu hawa wanachezea fedha. Ana haki ya kusema hivyo, ila hasara kubwa haipo pale anapoangalia.

Wilaya ya Mufindi ndiyo yenye Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa yanayosimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kulizunguka kuna vishamba vya wananchi vya paini na milingoti. Miti ya vishambani hupasuliwa zaidi na dingdong: msumeno wa duara, injini ya dizeli, meza, na vijana wa kusukuma gogo. Hata theluthi moja tu ya gogo ikitoka kama mbao, hakuna anayeshtuka.

Ndiyo maana wapo wanaotaka dingdong zipigwe marufuku, ije misumeno ya mkanda, ambayo meno yake yako kwenye ukanda mwembamba wa chuma. Hesabu yao si ya kubeza. Chukua msumeno wa duara unaokula milimita 6 kila unapopita kwenye gogo, na wa mkanda unaokula milimita 2. Tofauti ni milimita 4. Pitisha mara 13, umeokoa unene wa ubao mzima wa inchi mbili, ambao kwenye dingdong umeshageuka vumbi.

Lakini chukua futi kamba uende kwenye rundo la mbili kwa nne, yaani mbao za inchi mbili kwa inchi nne. Pima ubao ncha moja, kisha ya pili. Huku inchi mbili kamili, kule mbili na robo, wakati mwingine zaidi. Meza imelegea au msumeno haujanolewa vizuri, na fundi akijua hilo anaongeza unene kidogo ili ubao usije ukakataliwa. Robo inchi kwa mbao nane ni inchi mbili, yaani ubao wa tisa. Huo haupo kwenye kilima cha maranda. Umepakiwa kwenye lori, umelipiwa nauli hadi Dar es Salaam, na randa ya fundi seremala ndiyo itakayoumaliza. Mwenye mashine ameutoa bure bila kujua.

Sasa linganisha gharama. Msumeno wa mkanda ni mamilioni, tena unataka fundi wa kunoa anayejua kazi yake, kwa sababu mkanda butu nao hutembea na kutoa mbao zenye mawimbi. Kukaza meza, kuweka kizuizi kilichonyooka cha kuongozea gogo na kunoa kwa ratiba ni gharama ndogo. Haya ndiyo yanayofundishwa kwenye Kaizen, utaratibu wa Kijapani wa kuondoa upotevu kidogo kidogo, ambao Wizara ya Viwanda na Biashara imekuwa ikiusambaza kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Kwa maoni yangu, mwenye dingdong aanzie hapo kabla ya kwenda benki.

Wanaozitetea dingdong wana hoja nyingine: mashine hii hubebwa hadi shambani, kwenye mteremko ambako lori la magogo halifiki masika. Ikiondolewa, mkulima mdogo atamuuzia mti wake yeyote atakayejitokeza, kwa bei ya huyo huyo. Na mabanzi nayo yana wenyewe. Yanajenga uzio na mabanda, yanapikia, yanachoma matofali. Maranda hutandikwa kwenye mabanda ya kuku. Hoja hii naikubali nusu. Banzi lina mnunuzi, ndiyo, lakini halijawahi kufikia bei ya ubao ambao lingeweza kuwa, na anayelichukua kwa bei ya chee hawezi kuwa sababu ya kuendelea kupasua vibaya. Viwanda vikubwa hutumia mabaki kuchemshia boila za kukaushia mbao, na huko yana thamani ya kweli. Wadogo wengi hawana tanuru la kukaushia, hivyo mbao zao husafiri mbichi, hujipinda, na huo ni upotevu mwingine kabisa.

Kigumu kuliko vyote ni malipo. Kijana wa mashine akilipwa kwa idadi ya mbao, atakimbiza gogo. Ukimwambia apime kila ubao, unamwambia apunguze chakula cha nyumbani kwake. Tajiri anayetaka ubao wa tisa hana budi kumgawia kijana sehemu ya bei yake, na hapo ndipo wengi wanaposema hesabu imekuwa ngumu. Wataikubali siku gogo litakapopanda bei. Viwanda vya kumenya milingoti kuwa karatasi nyembamba za mbao kwa ajili ya plaiwudi tayari vimeingia Mafinga, navyo hununua magogo membamba ambayo mwenye dingdong alizoea kuyapata bila mshindani.