Kiendelezi chako kisininyang'anye kibodi

Anayeandika kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha Visual Studio Code, kihariri cha kuandikia programu, ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Mistari michache chini ya `contributes.keybindings` kwenye faili la `package.json` inatosha kuipiku mikato ya asili ya kihariri, yaani michanganyiko ya vitufe inayotekeleza amri. Programu hupitia kanuni za kibodi kutoka chini kwenda juu, na ya kwanza kulingana ndiyo inayotekelezwa. Za viendelezi zimewekwa chini ya zile za asili. Za mtumiaji ziko chini kabisa. Kwa hiyo ukijichukulia Ctrl+D bila sharti lolote, umemwondolea mtu amri ya kuchagua neno jingine linalofanana na alilochagua, amri ambayo vidole vyake vimeizoea kwa miaka.

Naona huo ni ukosefu wa adabu. Amri zako zote ziandikishe zipatikane kwa Ctrl+Shift+P, inayofungua orodha ya amri, kisha mkato upe moja au mbili zinazotumika kila mara. Zilizobaki mwachie mwenye kibodi ajipangie.

Na hizo mbili zisikose `when`, yaani sharti la lini mkato ufanye kazi. Kama kazi yako ni kupanga majedwali ya Markdown (maandishi yanayopangiliwa kwa alama rahisi), andika `editorTextFocus && editorLangId == markdown`. Hapo mkato unafanya kazi kishale kikiwa ndani ya faili la Markdown tu. Mtu akihamia Python au akifungua terminali, vitufe vinarudi kwa wenyewe. Sharti fupi namna hiyo ndilo linalotofautisha kiendelezi kinachokaa na kinachoondolewa siku hiyohiyo.

Jihadhari pia na Ctrl+Alt. Kwenye Windows, AltGr (Alt ya kulia) huhesabiwa kuwa Ctrl na Alt kwa pamoja, na kwenye kibodi ya Kijerumani alama ya @ hupatikana kwa AltGr+Q. Ukiuchukua mkato huo, kuna mtu atashindwa kuandika anwani ya barua pepe na hatajua kwa nini. Watumiaji wa Mac nao wawekee sehemu ya `mac` yenye `cmd`, la sivyo watabaki na Control.

Najua mtumiaji anaweza kuufuta mkato wako kwa kutanguliza alama ya kutoa mbele ya jina la amri katika faili lake la mikato, `keybindings.json`. Lakini wangapi wanaijua njia hiyo? Kazi ya kuzuia mgongano ni ya mwandishi wa kiendelezi, kabla hajakichapisha.