Tamasha la Jerez: miguu imefundishwa, masikio bado

Kila mwaka, Februari ikielekea ukingoni, wanafunzi wa flamenko, sanaa ya Uhispania ya uimbaji, gitaa na dansi, kutoka Japani, Ufaransa, Marekani na kwingineko humiminika Jerez de la Frontera, kusini mwa Uhispania, na viatu vyao vyenye misumari nyayoni. Mchana wako darasani. Usiku wanajaza ukumbi wa Teatro Villamarta na vilabu vya wapenzi wa flamenko, viitwavyo peña. Ndivyo ilivyo tangu tamasha lianze mwaka 1997.

Wapo wanaosema fedha zimeharibu mambo: kwamba urithi wa familia za Wagitano, yaani Waroma wa Uhispania, uliolelewa nyumbani katika mitaa ya Santiago na San Miguel, sasa unauzwa kwa wageni. Hoja hii ina uchungu wa kweli, lakini ni kongwe. Mwaka 1922 mtunzi wa muziki Manuel de Falla na mshairi Federico García Lorca walishiriki kuandaa shindano la uimbaji mjini Granada, na waimbaji wa kulipwa waliozidi miaka 21 wakazuiwa kushiriki, ili sanaa ibaki safi. Mmoja wa waliotuzwa alikuwa Manolo Caracol, mvulana ambaye hakuwa ametimiza miaka 13. Baadaye huyohuyo akawa nyota wa kumbi za maonyesho, akizunguka nchi na Lola Flores, binti wa Jerez. Kabla yao, karne ya 19, flamenko ilikuwa tayari inalipiwa kwenye mikahawa ya muziki ya Sevilla. Msanii anayefundisha Februari, kabla msimu wa watalii haujachanganya, anapata riziki kwa haki, na simuoni aliyeibiwa hapo.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua. Jerez ni mji wa waimbaji, lakini tamasha lake limejengwa juu ya dansi. Bulería, mtindo wa flamenko ulio fahari ya mji huu, huenda kwa mzunguko wa mapigo 12 ambao mikazo yake haiachani kwa nafasi sawa. Katika sherehe ya familia mchezaji hutoka kwa muda mfupi tu: anamsikiliza mwimbaji, anaacha ubeti upite, anatoa ishara kwa mguu, anafunga, anarudi mahali pake. Hakuna aliyempangia hatua. Darasa la siku chache, kinyume chake, huvutwa kuelekea kukamilisha mchezo uliopangwa, kwa kuwa hicho ndicho mwanafunzi anachoweza kurudi nacho kwao. Anaweza kuukariri wote bila kujua mwimbaji anavuta pumzi wapi.

Watetezi wa madarasa haya wana jibu, nami silidharau. Mgeni hawezi kubisha hodi Santiago na kudai akaribishwe kwenye sherehe ya watu. Darasa ndilo mlango alio nao, na hatua za kukariri humpa mwili unaoweza kujibu baadaye. Pia wageni hawa hurudi makwao na kufungua shule, kisha huwaalika wasanii wa Andalusia, eneo la kusini lenye Jerez. UNESCO iliiorodhesha flamenko kama urithi wa binadamu mwaka 2010, lakini ada za wanafunzi ndizo zinazomlipa mwalimu.

Kwa hiyo sitaki madarasa yapungue. Nataka kila darasa la bulería liwe na mwimbaji anayeimba papo hapo, alipwe sawa na mwalimu wa dansi, na siku za mwanzo wanafunzi wakae wapige makofi tu huku wakimsikiliza, kabla hawajaruhusiwa kusimama.