Kura ya hasira: Leicester na Dearborn

Chama kikishasaidia kuua watu nchi za mbali, wapo wasemao hakistahili kura hata moja. Wengine huwajibu: mkikinyima, mnamfungulia mlango aliye mbaya zaidi. Tatizo langu na wote wawili ni kwamba hawaulizi huyo mbaya zaidi yuko karibu kiasi gani na ikulu.

Tazama Uingereza, Julai 2024. Wahafidhina, chama tawala, walikuwa wamechoka baada ya miaka 14, na kila mtu alijua wanaondoka. Kwa hiyo mpiga kura wa jimbo la Leicester South aliyechukizwa na msimamo wa Labour, chama kilichotarajiwa kuwarithi, kuhusu Gaza aliweza kuadhibu bila woga. Jonathan Ashworth, mmoja wa vinara wa chama, aliangushwa na mgombea binafsi, Shockat Adam, kwa kura 979. Kule Ilford North, Wes Streeting, kinara mwingine wa Labour, aliponea chupuchupu kwa kura 528. Labour ikashinda hata hivyo, kwa viti 411.

Septemba, serikali yake mpya ikasitisha leseni 30 hivi kati ya 350 za kuuza silaha Israel. Sababu iliyotajwa ni sheria ya kimataifa, si kura. Vipuri vya ndege za kivita za F-35 vinavyopitia mpango wa pamoja wa mataifa vikaachwa viendelee, na hapo ndipo palipokuwa na uzito wenyewe.

Katika jimbo la Michigan, Marekani, hesabu ilikuwa nyingine. Novemba 2024, katika mji wa Dearborn wenye Waarabu wengi, katika uchaguzi wa rais Trump alipata takriban asilimia 42, Kamala Harris wa chama tawala cha Wademokrati 36, Jill Stein wa chama kidogo cha Kijani 18. Februari iliyofuata Trump akatangaza kwamba Marekani itaitwaa Gaza na wakazi wake wahamishwe. Wako waliowacheka watu wa Dearborn. Kicheko cha bure, maana Harris alishindwa katika majimbo yote saba ya ushindani, na Michigan peke yake isingemwokoa. Tena, ni nani wa kumwambia aliyefiwa na ndugu Lebanon achague bomu la chama chenye maneno matamu?

Ila watu hao hao walikwisha kutoa onyo la bei nafuu. Katika mchujo wa Februari 2024, Wademokrati zaidi ya 100,000 wa Michigan walipiga kura ya kutomuunga mkono yeyote. Agosti, kwenye mkutano mkuu Chicago, chama kikakataa kumpa Mpalestina mmoja wa Marekani hata dakika chache jukwaani.