Alipe Nani Kupima Kihamba?

Kule Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la Mchagga linalozunguka nyumba yake, mti wa kahawa hauishi peke yake. Juu yake kuna mgomba, juu ya mgomba kuna miti ya kivuli, mruka au mgrivea, chini kuna magimbi. Wachagga wanalima hivyo tangu enzi za mababu, na kahawa hiyo wameiuza kwa pamoja tangu chama chao cha kwanza cha wakulima, KNPA, mwaka 1925.

Sasa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Lengo silipingi. Aliyefyeka msitu asiuze.

Ninachogombana nacho ni ushahidi. Kisheria anayewajibika ni muagizaji wa Ulaya. Lakini tazama wajibu huo unavyopanda mlima: muagizaji anambana msafirishaji, msafirishaji anakibana chama cha msingi cha ushirika, chama kinambana mama wa Kibosho mwenye ekari moja na nusu alete alama ya GPS ya kihamba chake. Gunia moja lisilojulikana lilikotoka likichanganywa na mengine, mzigo mzima unatiliwa shaka.

Na setilaiti nayo ina vituko vyake. Ikikitazama kihamba kutoka juu inaona miti tu, kwa hiyo ipo ramani inayoweza kukihesabu kuwa msitu. Siku mzee akiangusha mgrivea apate mbao za banda, picha ya mwakani itaonyesha pengo. Mwenzake aliyemaliza miti yote miaka 40 iliyopita, shamba jeupe kabisa, hana la kuulizwa! Aliyetunza kivuli ndiye wa kujieleza.

Kampuni zinazokaanga kahawa hupenda kuandika habari za mazingira kwenye pakiti. Vizuri. Basi gharama ya kupima iongezwe kwenye bei ya kilo, mkulima aione kwenye stakabadhi yake, isije kama makato. Na vipimo vibaki chamani. Mnunuzi akiondoka navyo, msimu ujao mkulima akitaka kumuuzia mwingine itabidi apimwe upya, na hapo hana tena uhuru wa kuchagua mnunuzi.

Kanuni ilikuwa ianze kutumika 30 Desemba 2024, ikaahirishwa mara mbili. Wakubwa walilia kwamba hawajawa tayari, wakaongezewa muda. Chama kilichojikamua mapema kikalipa wapimaji, sijaona popote palipoandikwa nani atakirudishia.