Kibali cha Ghorofa Kisisubiri Kuombwa

Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo jingine, safari hii Kariakoo, asubuhi ya Jumamosi, wenye maduka na wateja wakiwa ndani. Baada ya misiba ya namna hii watu huulizana mambo yaleyale: kibali kilikuwa cha ghorofa ngapi, nani alisaini, mkaguzi alipita lini kwa mara ya mwisho. Hayo si mambo ya kubahatisha. Yanatakiwa yawe yameandikwa, na karatasi zake ziwe masijala, kwenye ofisi ya halmashauri.

Je, mpangaji wa fremu anaweza kwenda kuziomba karatasi hizo jengo likiwa bado limesimama? Na akipewa, kuna anayeonewa?

Kisheria anaweza. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu. Mwombaji lazima awe raia. Anaandika maombi, asiyeweza kuandika anaeleza kwa mdomo na afisa anamwandikia. Ofisi ina siku 30 za kumjibu, na ikimnyima lazima imweleze sababu.

Kazi huanza kwenye kujua mlango wa kugonga. Wengi wetu tunasema "Jiji" tukimaanisha Dar es Salaam nzima, lakini Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo Kariakoo na Upanga wako chini ya Jiji, mkazi wa Manzese ni wa Ubungo, wa Mbagala ni wa Temeke, wa Mwenge ni wa Kinondoni, na ng'ambo ya kivuko kuna Kigamboni. Barabara ya mtaani kwako, tangu 2017, iko mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, na bomba la maji ni la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Mwananchi anayefuatilia mtaro mmoja uliozibwa na ghorofa jipya anaweza kuambiwa na ofisi tatu kwamba jambo hilo si lao, na zote tatu zikawa zinasema kweli.

Sasa tuusikilize upande wa ofisi, kwa sababu una hoja na mara nyingi hausikilizwi.

Faili la kiwanja si gazeti. Ndani yake kuna jina la mmiliki, anwani, namba ya simu, wakati mwingine nyaraka za mirathi na barua za ndugu wanaogombana. Dar es Salaam ina madalali waadilifu, na ina vishoka, yaani madalali matapeli. Mtu akishajua kwamba kiwanja fulani mwenyewe amefariki na watoto wako nje ya nchi, ana pa kuanzia kughushi mkataba wa mauziano. Afisa ardhi anayemtilia shaka mgeni anayeulizia faili la mtu mwingine ana mifano ya kutosha ya kumtia hofu. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Halmashauri inayomwaga taarifa za watu ovyo nayo itakuwa inavunja sheria.

Kuna pia suala la mikono. Mafaili mengi ya zamani ni ya karatasi. Ofisa huyohuyo ana foleni ya watu wanaotaka vibali vyao wenyewe, na kila ombi la nyongeza ni saa moja ya kuchambua makabati. Anaposema "njoo kesho" si lazima awe anamficha mtu. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa yenyewe imemweka pabaya: akitoa taarifa iliyozuiwa, anaweza kufungwa. Orodha ya yanayoweza kuzuiwa ni ndefu, kuanzia usalama wa taifa na upelelezi unaoendelea hadi faragha ya mtu na maslahi ya kibiashara. Mtumishi wa ngazi ya kawaida, mwenye familia na mkopo wa benki, akipima hatari ya kutoa na hatari ya kunyamaza, atanyamaza. Simlaumu. Naulaumu mzani aliopewa.

Mwombaji naye hajaachwa huru. Akiipotosha taarifa aliyopewa ametenda kosa. Anayetaka kuandika mtandaoni kwamba ghorofa fulani lina kibali cha ghorofa nne na limefika sita anajiuliza mara mbili, hata kama anachosema ndicho kilichoandikwa.

Pamoja na hayo yote, hoja ya faragha naikubali kwa faili la kiwanja na naikataa kwa kibali cha ujenzi. Jengo likiwa linajengwa, sheria na kanuni za bodi za ujenzi zinataka bango kwenye eneo la kazi: mwenye mradi, mkandarasi, msanifu, mhandisi. Majina hayo husomwa na kila apitaye, kondakta wa daladala na muuza maji. Siku jengo linapokamilika bango hung'olewa, watu elfu kidogo huanza kuingia na kutoka kila siku, na hapo ndipo taarifa ileile inageuka kuwa ya kuombwa kwa barua. Hatari imeongezeka, uwazi umepungua. Sijawahi kusikia maelezo yanayonitosheleza juu ya mpangilio huo.

Michoro ya ndani inaweza kubaki ofisini. Mwizi hahitaji kusaidiwa. Namba ya simu ya mmiliki haituhusu. Lakini namba ya kibali, idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, matumizi yaliyoidhinishwa, jina la mhandisi na tarehe za ukaguzi ni vitu vya kubandikwa mlangoni mwa jengo na kuwekwa kwenye tovuti ya halmashauri bila mtu kuandika barua. Kikibandikwa, hata ile hoja ya mikono inaisha, kwa kuwa anayetaka kujua hana haja ya kupanga foleni. Na ofisa hahukumiwi kwa kutoa kitu ambacho kimeshaamriwa kiwe wazi.

Serikali yetu inajua kufanya hivyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, zikizitaja halmashauri kwa majina na kasoro zao, na nchi haijayumba kwa sababu hiyo. Zabuni za umma siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ambako matangazo yanaonekana kwa yeyote mwenye simu. Ugumu si wa teknolojia.

Linalobaki kunisumbua ni mahali pa kukimbilia ukinyimwa. Unamwomba mkuu wa taasisi, ambaye kwa halmashauri ni Mkurugenzi, aupitie upya uamuzi wa ofisi yake mwenyewe. Asiporidhia, unakwenda kwa Waziri. Wote hao ni serikali. Hakuna tume huru katikati, na mpangaji wa fremu hana muda wala nauli ya kufika huko juu kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Hata hivyo, mpaka vibali vitakapobandikwa, barua ndiyo njia iliyopo. Aombe waraka mmoja, si faili zima: "nakala ya kibali cha ujenzi cha jengo lililopo kiwanja namba fulani, kitalu fulani, na tarehe za ukaguzi." Ombi finyu ni gumu kulikataa kwa kisingizio cha faragha, na ni jepesi kwa ofisa anayetaka kusaidia. Nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo. Wapangaji wa jengo moja waandike wakiwa wengi, kila mmoja na saini yake, ili asiwepo mmoja wa kunyooshewa kidole na mwenye nyumba.